Maswali ya Wasomaji: Kemia, Pale Alama Zinapopotelea

Barua tulizozijibu safari hii zimetoka kwa wanafunzi wanaojiandaa na mtihani wa kemia wa sekondari, pamoja na mzazi mmoja. Jambo moja litarudi karibu katika kila jibu: kabla hujashika kikokotoo wala kukumbuka kanuni, jiulize ni chembe gani zimo ndani ya chombo, na ni ngapi. Mwanafunzi anayejibu swali hilo kwanza hupunguza sana mzigo wa kukariri.

Katika hesabu zote tumetumia masi za atomu hizi: H 1, C 12, O 16, Na 23, S 32, Cl 35.5, Ca 40, Cu 64.

SWALI: Shikamooni walimu. Kwenye jaribio la darasani niliandika kwamba maji ni mchanganyiko wa hidrojeni na oksijeni, nikakosa alama zote. Si ndivyo vilivyomo kwenye maji? Na molekuli na kampaundi zinatofautianaje?

JIBU: Marahaba. Aliyesahihisha alikuwa na haki. Ukiweka hidrojeni na oksijeni kwenye chupa moja bila cheche, una gesi mbili zilizokaa pamoja. Kila moja ina tabia zake, na unaweza kuzichanganya kwa kiasi chochote unachotaka. Huo ndio mchanganyiko. Ukiwasha, atomu huungana kwa uwiano usiobadilika: hidrojeni mbili kwa oksijeni moja, au kwa masi, gramu 1 ya hidrojeni kwa gramu 8 za oksijeni. Kinachopatikana ni kioevu kisichowaka, na huwezi kuitoa hidrojeni yake kwa kuchuja wala kwa kuchemsha. Hiyo ni kampaundi. Ukiulizwa tofauti, andika mambo matatu: uwiano wa vilivyomo, tabia zake zikilinganishwa na za vilivyoiunda, na njia ya kuvitenganisha.

Molekuli ni atomu mbili au zaidi zilizoshikana kwa bondi kovalenti, yaani kwa kushirikiana elektroni. Haijalishi kama ni za aina moja au la. Kwa hiyo O₂ ni molekuli lakini ni ya elementi, na H₂O ni molekuli ya kampaundi. Chumvi ya mezani, NaCl, ni kampaundi isiyo na molekuli hata moja: ni ioni za sodiamu na za kloridi zilizopangana kwa safu kila upande. Ukiandika "molekuli ya NaCl" msahihishaji makini atakukata. Argoni nayo hukaa atomu mojamoja.

Maana ya elementi pia huandikwa vibaya. Usiseme "dutu yenye atomu zinazofanana", maana isotopu za elementi moja (atomu zake zenye idadi tofauti ya nyutroni) hazifanani kwa masi. Sema atomu zote zina idadi moja ya protoni.

SWALI: Klorini ina masi ya 35.5. Je, kuna nusu ya nyutroni?

JIBU: Hakuna. Klorini ya kawaida ni mkusanyiko wa isotopu mbili. Takriban asilimia 75 ya atomu zina namba masi 35 (protoni 17, nyutroni 18), na asilimia 25 zina namba masi 37 (protoni 17, nyutroni 20). Wastani wake ni (75 × 35 + 25 × 37) ÷ 100 = 35.5. Namba masi ya atomu moja huwa namba kamili daima. Wastani ndio unaoweza kuwa na desimali. Ukiulizwa kwa nini isotopu hizi humenyuka kwa namna moja, jibu ni kwamba zina idadi na mpangilio uleule wa elektroni.

SWALI: Nilisawazisha mlinganyo wa alumini na oksijeni hivi: Al + O₂ → AlO₂. Atomu zinalingana pande zote mbili. Mbona nimepewa sifuri?

JIBU: Kwa sababu AlO₂ si oksidi ya alumini. Umebadilisha fomula ili hesabu ikae sawa, na ukibadilisha namba ndogo ya chini umetengeneza dutu nyingine kabisa. Kazi ina hatua mbili zisizochanganywa. Kwanza andika fomula sahihi kwa kuangalia chaji: alumini ni Al³⁺ na oksidi ni O²⁻, kwa hiyo zinahitajika Al mbili (+6) na O tatu (−6), yaani Al₂O₃. Fomula hiyo ukishaiandika usiiguse tena. Hatua ya pili ni kuweka namba kubwa mbele ya fomula. Oksijeni ni 2 kushoto na 3 kulia. Kigawe kidogo cha shirika ni 6, kwa hiyo 3O₂ kushoto na 2Al₂O₃ kulia. Sasa alumini kulia ni 4:

4Al + 3O₂ → 2Al₂O₃

Kwa uchomaji wa haidrokaboni, anza na kaboni, fuata hidrojeni, malizia na oksijeni. Oksijeni huachwa mwisho kwa sababu O₂ imesimama peke yake, hivyo kubadili namba yake hakuvurugi kitu kingine. Propeni yenye fomula C₃H₆ ukiichoma utafika kwenye atomu 9 za oksijeni upande wa kulia, na 9 haigawanyiki kwa 2. Weka 9/2 kwa muda, kisha zidisha mlinganyo wote kwa 2:

2C₃H₆ + 9O₂ → 6CO₂ + 6H₂O

Ioni yenye atomu nyingi kama PO₄³⁻ au SO₄²⁻, ikiwa inaonekana nzima pande zote mbili, ihesabu kama kitu kimoja. Ukiihesabu hivyo, 3Ca(OH)₂ + 2H₃PO₄ → Ca₃(PO₄)₂ + 6H₂O haikuchukui muda.

Kariri elementi saba ambazo zikiwa peke yake huandikwa atomu mbilimbili: H₂, N₂, O₂, F₂, Cl₂, Br₂, I₂. Na usiruke alama za hali, yaani s (yabisi), l (kioevu), g (gesi) na aq (mmumunyo wa maji). NaCl(l) ni chumvi iliyoyeyushwa kwa joto kali. NaCl(aq) imeyeyuka katika maji. Ukizipitisha umeme hazitoi mazao yaleyale, kama utakavyoona mbele.

SWALI: Moli inanitesa. Nimekariri kanuni zote, lakini swali likija sijui nianze na ipi. Naomba mnieleze polepole.

JIBU: Weka kanuni pembeni kwanza. Moli ni idadi, kama dazeni ilivyo idadi. Tangu 2019 imewekwa kuwa chembe 6.02214076 × 10²³ kamili. Kwenye mtihani 6.02 × 10²³ yatosha. Atomu hazihesabiki kwa vidole, ndiyo maana tunapima gramu au ujazo kisha tunageuza kuwa idadi. Kanuni zote ulizokariri ni njia za kuingia kwenye moli na kutoka kwenye moli, na ziko nne:

Kutoka gramu: gawanya masi kwa masi ya moli moja.
Kutoka gesi: gawanya ujazo kwa 22.4 dm³ (nyuzi 0 za Selsiasi, kanieneo ya angahewa 1) au kwa 24 dm³ kwenye joto la kawaida la chumba. Soma swali uone wamekupa ipi.
Kutoka mmumunyo: zidisha ukolezi kwa ujazo, na ujazo uwe kwa dm³. Kama umepewa sm³, gawanya kwa 1000 kwanza.
Kutoka idadi ya chembe: gawanya kwa 6.02 × 10²³.

Swali lolote la kiasi lina hatua tatu: ingia kwenye moli, tumia uwiano wa mlinganyo, toka kwenye moli kwenda kizio ulichoulizwa. Tuufanye mfano mmoja hadi mwisho.

Gramu 5.0 za kalsiamu kaboneti zimewekwa ndani ya sm³ 50 za asidi hidrokloriki yenye ukolezi wa moli 1.0 kwa dm³. Tafuta ujazo wa kaboni dioksidi kwenye joto la chumba.

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Masi ya moli moja ya CaCO₃ ni 40 + 12 + 48 = 100, kwa hiyo moli zake ni 5.0 ÷ 100 = 0.050. Moli za HCl ni 1.0 × 50 ÷ 1000 = 0.050. Hapa ndipo wengi wanapotumbukia: wanaona moli zimelingana, wanadhani vyote vitaisha pamoja. Angalia mlinganyo. Kila moli ya kaboneti inadai moli 2 za asidi. Moli 0.050 za kaboneti zingehitaji moli 0.100 za asidi, na tuna nusu tu. Asidi itawahi kuisha, na kinachowahi kuisha ndicho kinachoamua kiasi cha mazao. Moli za CO₂ ni 0.050 ÷ 2 = 0.025, na ujazo ni 0.025 × 24 = 0.60 dm³, yaani sm³ 600. Kaboneti iliyotumika ni moli 0.025, kwa hiyo gramu 2.5 zitabaki chini ya chombo. Dalili ya swali la namna hii ni rahisi kuiona: umepewa kiasi cha vitendanishi viwili badala ya kimoja.

Makosa mengine yanayojirudia. Moli moja ya gesi ya klorini ni gramu 71, si 35.5, kwa kuwa chembe zake ni Cl₂. Moli moja ya CaCl₂ ikiyeyuka katika maji hutoa moli 3 za ioni. Na 22.4 dm³ ni ya gesi pekee: moli moja ya maji ya kioevu ni gramu 18, inayochukua karibu sm³ 18 tu. Usikadirie desimali katikati ya hesabu. Ziache zote kwenye kikokotoo, ukadirie kwenye jibu la mwisho.

SWALI: Asidi yenye nguvu na asidi iliyokolea si kitu kimoja?

JIBU: Ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukolezi ni kiasi cha asidi kilichomo katika kila dm³ ya mmumunyo. Unaweza kuubadilisha kwa kuongeza maji. Nguvu ni sehemu ya molekuli zinazoachana kuwa ioni, na hiyo inatokana na asidi yenyewe. HCl yenye moli 0.1 kwa dm³ huachana yote, na pH yake (kipimo cha uasidi, ambapo namba ndogo ni uasidi mkubwa) ni 1. Asidi ethanoiki yenye ukolezi huohuo huachana kidogo sana, na pH yake ni karibu 2.9. Hata hivyo zote mbili zinahitaji kiasi kilekile cha NaOH ili kuisha. Hili huulizwa sana, na wengi hujibu kwamba asidi dhaifu itahitaji NaOH kidogo. Sivyo: ioni za H⁺ zikitumika, molekuli zilizobaki huendelea kuachana hadi zote ziishe.

SWALI: Kwenye titresheni napata namba zisizokaribiana, na mwalimu anasema sifuati utaratibu. Tafadhali tupeni utaratibu wenyewe na sababu zake.

JIBU: Titresheni ni kumimina mmumunyo mmoja kidogo kidogo ndani ya mwingine hadi vimenyuke kikamilifu, ili kupata ukolezi usiojulikana. Tuchukulie asidi iko kwenye bureti (mrija wenye vipimo na koki) na besi unaipima kwa pipeti ya sm³ 25.0.

Suuza bureti kwa maji yaliyokenekwa, kisha kwa asidi yenyewe kidogo, umwage. Suuza pipeti kwa maji, kisha kwa besi. Chupa ya koni isuuze kwa maji peke yake. Sababu ni ileile ya kuhesabu chembe. Maji yakibaki ndani ya bureti yatazimua asidi, utahitaji asidi nyingi zaidi, na besi itaonekana imekolea kuliko ilivyo. Ukisuuza chupa ya koni kwa besi, matone yanayobaki ni moli za ziada ambazo pipeti haikuzipima. Maji ndani ya chupa ya koni hayadhuru: yanaongeza ujazo, lakini moli za besi ni zilezile.

Jaza bureti kwa faneli hadi juu ya sifuri, fungua koki kidogo ili ncha ijae na kiputo cha hewa kitoke, kisha ondoa faneli. Kiputo kikibaki na kutoka katikati ya kazi, nafasi yake itajazwa na asidi ambayo haikuingia kwenye chupa, na somo lako litakuwa kubwa kuliko ukweli. Faneli ikibaki juu, matone yaliyoganda ndani yake yatashuka baada ya kusoma mwanzo, na somo litakuwa dogo kuliko ukweli. Si lazima uanze 0.00, ila andika ulikoanzia.

Kusoma: leta jicho usawa mmoja na uso wa kioevu, usome chini kabisa ya mbonyeo. Jicho likiwa juu au chini utakosea. Andika desimali mbili, ya mwisho iwe 0 au 5: 24.50, si 24.5.

Nyonya besi kwa kinyonyeo cha mpira, kamwe si kwa mdomo. Iache ishuke kwa uzito wake, kisha gusisha ncha ya pipeti kwenye ukuta wa chupa. Tone linalobaki kwenye ncha usilipulize, kwani pipeti ilitengenezwa kwa kulihesabia.

Weka matone 2 au 3 ya kiashiria, kinachobadili rangi asidi na besi zinapomalizana. Viashiria vyenyewe ni asidi au besi dhaifu, hivyo ukimimina kwa wingi vitaingia kwenye hesabu. Methili oranji ni ya njano ndani ya besi, na unasimama inapofika rangi ya chungwa. Ikiwa nyekundu umepitiliza. Fenolfthalini huanza waridi na kuishia bila rangi. Asidi na besi zote zikiwa na nguvu, chochote kinafaa. Asidi yenye nguvu na besi dhaifu: methili oranji. Asidi dhaifu na besi yenye nguvu: fenolfthalini.

Jaribio la kwanza ni la makadirio, fanya haraka. Yanayofuata, mimina upesi hadi ibaki kama sm³ 1 kufika pale, kisha tone kwa tone huku ukizungusha chupa juu ya kigae cheupe. Tone lililonasa ukutani lisukume ndani kwa maji kidogo.

Sasa hesabu. Asidi ni H₂SO₄ yenye moli 0.100 kwa dm³, besi ni NaOH. Masomo: 25.10 (makadirio), 24.50, 24.45, 24.55. Makadirio hayaingii kwenye wastani, kwa hiyo wastani ni 24.50. Moli za asidi ni 0.100 × 24.50 ÷ 1000 = 0.00245. Mlinganyo H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O unasema NaOH ni mara mbili: 0.00490. Zimo ndani ya sm³ 25.0, hivyo ukolezi ni 0.00490 ÷ 0.0250 = moli 0.196 kwa dm³, au 0.196 × 40 = gramu 7.84 kwa dm³. Anayesahau ile 2 hupata nusu ya jibu.

SWALI: Nikipata mashapo meupe nachanganyikiwa. Ioni nyingi zinatoa meupe. Nitazitambuaje?

JIBU: Rangi ya mashapo ni nusu ya ushahidi tu. Nusu ya pili ni kama yanayeyuka ukizidisha kitendanishi, na hiyo huikosa mwanafunzi anayemimina NaOH yote kwa mkupuo. Mashapo ya zinki, kwa mfano, yatatokea na kutoweka kabla hujayaona, kisha utaandika "hakuna badiliko". Anza na matone mawili matatu, tikisa, tazama, andika. Ndipo uzidishe.

Tumia neli mbili, moja ya NaOH na nyingine ya mmumunyo wa amonia. Zinki hutoa meupe yanayoyeyuka katika zote mbili zikizidi. Alumini na risasi hutoa meupe yanayoyeyuka katika NaOH ya ziada, lakini hayayeyuki katika amonia. Kalsiamu hutoa meupe kwa NaOH, hayayeyuki, na kwa amonia haitoi mashapo. Alumini na risasi utazitenga kwa potasiamu iodidi: risasi hutoa mashapo ya njano iliyokolea, alumini haitoi.

Zenye rangi ni rahisi. Shaba, Cu²⁺, hutoa ya buluu. Katika amonia ya ziada huyeyuka kuwa mmumunyo wa buluu iliyokoza sana. Chuma Fe²⁺ hutoa ya kijani, na ukiyaacha hewani juu yake hugeuka kahawia kwa kuwa hewa inayageuza kuwa Fe³⁺. Fe³⁺ hutoa ya kahawia-nyekundu tangu mwanzo. NaOH isipotoa mashapo, pasha moto taratibu: amonia ikitoka hubadili karatasi nyekundu ya litmasi kuwa buluu, nayo ni dalili ya NH₄⁺. Karatasi lazima iwe na unyevu, maana gesi kavu haina ioni za OH⁻. Na isiguse mdomo wa neli uliolowa NaOH, usije ukadanganyika.

Kwa salfeti, tia asidi hidrokloriki iliyozimuliwa kisha bariamu kloridi. Asidi ina kazi yake: huondoa kaboneti, ambayo nayo ingetoa mashapo meupe na bariamu. Kwa kloridi, tia asidi ya naitriki kisha fedha naitreti. Hapo usitumie asidi hidrokloriki, kwa sababu utakuwa umeiingiza mwenyewe kloridi unayoitafuta. Kaboni dioksidi hufanya maji ya chokaa yawe kama maziwa. Ukiendelea kuipitisha muda mrefu huwa angavu tena, kwani CaCO₃ imegeuka kuwa Ca(HCO₃)₂ inayoyeyuka.

SWALI: Kwa nini sodiamu haipatikani kathodi tunapopitisha umeme kwenye maji ya chumvi? Na anodi inatoka klorini au oksijeni? Vitabu viwili vimenipa majibu mawili.

JIBU: Huenda vyote viwili ni sahihi, kila kimoja kwa mmumunyo wake. Orodhesha ioni zote kwanza. Kutoka chumvi: Na⁺ na Cl⁻. Kutoka maji: H⁺ na OH⁻, kidogo lakini zipo. Kathodi, elektrodi hasi, huvuta Na⁺ na H⁺. Iliyo chini zaidi kwenye safu ya utendaji (orodha ya elementi kuanzia inayomenyuka upesi zaidi) ndiyo huchukua elektroni, nayo ni hidrojeni: 2H⁺ + 2e⁻ → H₂. Anodi, elektrodi chanya, huvuta Cl⁻ na OH⁻. Mmumunyo ukiwa umezimuliwa sana hutoka oksijeni: 4OH⁻ → O₂ + 2H₂O + 4e⁻. Ukiwa umekolea, Cl⁻ huzidi kwa wingi na klorini ndiyo inayotoka: 2Cl⁻ → Cl₂ + 2e⁻. Kinachobaki kwenye mmumunyo uliokolea ni Na⁺ na OH⁻, ndiyo maana litmasi hugeuka buluu. Kwa nadharia hidrojeni na klorini hulingana ujazo. Kwenye maabara klorini huonekana pungufu kwa kuwa sehemu yake huyeyuka katika maji. Chumvi iliyoyeyushwa kwa joto haina maji, haina H⁺, hivyo sodiamu hupatikana.

Shaba salfeti nayo hubadilika kutegemea elektrodi. Kwa kaboni: shaba kathodi, oksijeni anodi, rangi ya buluu hufifia na asidi ya salfuriki hubaki. Kwa elektrodi za shaba: anodi yenyewe huliwa, kathodi hunenepa, na buluu haififii kwa sababu kila Cu²⁺ inayotoka inafidiwa na nyingine. Ndivyo shaba inavyosafishwa.

Hesabu yake: ampea 0.50 kwa dakika 32 na sekunde 10. Muda ni sekunde 1930, chaji ni 0.50 × 1930 = kulombi 965. Gawanya kwa 96,500, yaani kulombi za moli moja ya elektroni: moli 0.010 za elektroni. Kila Cu²⁺ inachukua elektroni 2, hivyo shaba ni moli 0.0050, gramu 0.32. Kuacha dakika bila kuzigeuza sekunde ndilo kosa linaloharibu swali hili mara nyingi.

SWALI: Mwanangu anakariri jedwali zima la elementi usiku kucha. Je, inamsaidia?

JIBU: Mzazi mwenzetu, mwambie apumzike. Masi za atomu kwa kawaida hutolewa kwenye karatasi ya mtihani. Akariri elementi 20 za kwanza kwa mpangilio wa elektroni, chaji za ioni za kawaida (pamoja na SO₄²⁻, NO₃⁻, CO₃²⁻, OH⁻, NH₄⁺), safu ya utendaji wa metali, na kanuni za kuyeyuka. Naitreti zote huyeyuka katika maji, na chumvi za kawaida za sodiamu, potasiamu na amonia pia. Kloridi huyeyuka isipokuwa za fedha na risasi. Salfeti huyeyuka isipokuwa za bariamu na risasi, na ya kalsiamu huyeyuka kidogo tu. Kaboneti haziyeyuki isipokuwa za sodiamu, potasiamu na amonia. Akizijua hizo ataweza kuamua mwenyewe jinsi ya kutengeneza chumvi: isiyoyeyuka hutengenezwa kwa kuchanganya mimumunyo miwili, kuchuja, kusuuza na kukausha.

SWALI: Ukiongeza kichocheo, je, gesi inayopatikana inakuwa nyingi zaidi?

JIBU: Hapana. Kichocheo hutoa njia inayohitaji nishati ndogo ya kuanzisha mmenyuko, kwa hiyo migongano mingi zaidi hufaulu kila sekunde. Idadi ya chembe haijabadilika. Kwenye grafu ya ujazo wa gesi dhidi ya muda, mstari huanza na mwinuko mkali zaidi, huwahi kulala, lakini hulala kwenye kimo kilekile. Ukisaga kaboneti kuwa unga, au ukipandisha joto, mchoro ni wa namna hiyohiyo. Kimo hubadilika pale tu unapobadilisha kiasi cha kile kinachowahi kuisha. Ukitumia asidi yenye nusu ya ukolezi kwa ujazo uleule, na asidi ndiyo inayowahi kuisha, mwinuko utapungua na kimo kitakuwa nusu.

Kuonyesha kwamba kichocheo hakiliwi, pima manganizi dioksidi kavu, itie kwenye hidrojeni peroksidi, subiri oksijeni iache kutoka, chuja, suuza, kausha, kisha upime tena. Masi itakuwa ileile. Wanaosahau kukausha hupata masi iliyoongezeka. Katika mmenyuko wa kwenda na kurudi, kama utengenezaji wa amonia kwa chuma kwenye nyuzi 450 hivi na kanieneo ya angahewa 200, kichocheo huharakisha pande zote mbili sawasawa: msawazo hufikiwa mapema, na asilimia ya amonia hubaki ilivyo.